Ya Muda au ya Kudumu

Kanombe, Kigali
11 Februari 2024

Mwanangu Keith,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, ukiacha mvua ambayo imekuja kabla ya zamu yake, na ndege zinazopita juu ya bati letu kana kwamba sisi ndio uwanja wenyewe. Mukunde wetu amejifungua mtoto wa pili, wa kike, wamemwita Pretty. Ana koo, akilia kule Busanza nadhani hata nyinyi wa Kahama mnageuka. Ng'ombe wa Baba Mukunde naye amezaa, ila ni dume, basi tumeshukuru hivyo hivyo. Baba Mukunde mwenyewe yupo, ana presha kidogo, mambo ya umri. Anakusalimu.

Utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Namba yako ninayo, kaka yangu, baba yako, alinipa mwaka juzi. Nimeishika simu mara nyingi nikairudisha mezani. Miaka kumi na minne tangu uondoke hapa ni mingi, na sauti yangu naijua, ingenisaliti kabla hata sijamaliza "halo". Sasa Usumani, yule dereva wa lori wa Biryogo, kaniambia kila safari analala Kahama na kwamba mnajuana. Nikasema basi, karatasi ibebe kilichoushinda mdomo.

Jambo lenyewe ni hili, na usicheke. Kuna mtoto wa jirani hapa ana gemu ya mkononi, ile ya vitufe kushoto na kulia na kioo katikati, kama ile uliyokuwa nayo wewe. Ilikuwa imekufa. Fundi wa simu pale Sonatubes aliifufua kwa betri mpya, maana ya zamani ilikuwa imevimba kama andazi. Ikacheza mpira wiki kadhaa, kisha ikaanza kukoroma, krrr, krrr, na CD haisomi tena. Fundi anasema kile kinachosoma CD kimekwisha na kipuri hakipatikani. Lakini anasema mtu anaweza kucheza bila CD, kwa michezo iliyokopiwa kwenye kadi, mradi gemu iwekewe mfumo mwingine, si ule wa kiwandani. Akaanza kunitajia majina ya hiyo mifumo, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa naitikia tu "yego, yego," kama mtu anayeelewa.

Nikakumbuka kwamba wewe mambo haya uliyajua ukiwa bado na kaptura, na sasa unafundisha kompyuta sekondari. Niambie tuchague upi. Mtoto huyu anaihitaji kwelikweli. Kwa nini anaihitaji ni habari ndefu.

Shangazi yako,
Mukandayisenga


Kahama
16 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Usumani aliniletea hadi mlangoni mwa darasa, wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu amepata mchumba wa Rwanda. Mimi mzima. Baba mguu unamsumbua ila bado anabishana na redio, kwa hiyo hajambo. Mpe Mukunde hongera zangu.

Nijibu ulichouliza. Kwanza, fungua mlango wa betri. Chini yake kuna namba ya mashine. Pili, kwenye mipangilio kuna ukurasa unaotaja toleo la mfumo. Niandikie vyote viwili, na kabla ya hapo usimruhusu fundi yeyote aguse kitu. Mfumo usioendana na mashine unaiua, na ikifa kwa namna hiyo haifufuki kwa betri.

Majina yasikutishe. Yapo mengi, lakini njia ni mbili tu. Moja ni ya muda. Unaiwasha kama unavyowasha mchezo, nayo inakaa mpaka gemu izimwe kabisa au betri iishe. Hapo inapotea yote, gemu inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na unaanza upya. Haiharibu kitu. Nyingine ni ya kudumu: inaandikwa ndani kabisa ya mashine, na hata ikizimwa mwezi mzima, ukiiwasha unaikuta. Lakini ukishaiweka umeshaibadilisha mashine, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, umeipoteza.

Kwa mtoto nashauri ya kudumu. Mtoto hawezi kuanza upya kila siku, atachoka. Betri iwe imejaa na chaja iwe kwenye umeme. Kadi isafishwe yote kwanza, vitu vya zamani huleta ugomvi. Kisha akopi michezo kutoka CD zake mwenyewe, kwa gemu ya mtu mwingine ambayo bado inasoma CD. Nasema zake mwenyewe, Shangazi. Na CD zile aziweke mahali pa wazi, ili mtu mzima akimuuliza awe na cha kuonyesha.

Unajua kwa nini nasema hivyo. Jumapili ile mzee Eustache na mkewe Claudette walikuwa sebuleni, soda mezani. Baba Mukunde alinikuta nacheza, akaichukua gemu, akafungua kijumba cha CD, akakuta kitupu. Akasema mbele yao kwamba kitu kinachocheza bila CD kimeibwa, na anayekicheza ni mwizi. Sikuiba. Baba ndiye aliyelipia CD zangu tatu, nami nilizikopi zisichakae. Zilikuwa kwenye kifuko cha zipu, na kifuko hicho alikibeba pamoja na gemu bila kukifungua. Ile ya tatu tulikwenda kuichukua dukani mimi na wewe. Siku hiyo ulikuwa umekaa karibu na Claudette.

Basi mwambie huyo mtoto akimwona Afande mumeo anakuja, aifiche. Yule mtu hajui mchezo ni nini. Hajawahi kucheza, hajawahi kukosea, na sidhani mikono yake inajua kazi nyingine zaidi ya kunyang'anya.

Mtoto anaitwa nani?

Keith


Kanombe
28 Aprili 2024

Mwanangu Keith,

Marahaba. Barua yako ilifika na ikasomwa. Huku wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imepita, tulikaa kimya kama kila mwaka. Pretty ameanza kucheka, anachekea hata ukuta.

Namba ya chini ya betri ni 3004. Toleo ni 6.60, Mukunde ndiye aliyelisoma, mimi miwani yangu haifiki kwenye vitu vidogo vile.

Mtoto anashukuru kwa maelezo. Ameelewa yote, na mengine alitaka yarudiwe. Ila anasema ya kudumu hapana, anataka ile ya muda. Na kadi hataki isafishwe. Nimembembeleza wee, ni mbishi.

Jina lake nitakuandikia siku nyingine, leo mkono umechoka.

Usumani ni kijana mwenye adabu, labda adabu imezidi. Alipofika na bahasha mimi nilikuwa uani nafua, basi akamkabidhi mwenye nyumba, kama inavyotakiwa.

Baba Mukunde anakusalimu. Safari hii ni kweli.

Shangazi


Kahama
25 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na ninachokijua. Mashine ya namba hiyo na toleo hilo inakubali njia zote mbili. Usumani anakuletea kadi ndogo. Ndani kuna folda mbili, nimezipa majina ya Kiswahili ili msipotee: MUDA na KUDUMU. Mukunde azihamishie kwenye kadi ya gemu kwa kompyuta yake, asifute kitu kama mwenyewe hataki. Ukifungua sehemu ya michezo utaziona zote mbili.

Sasa hili lingine. Usumani alipita hapa, tukakaa stendi tukila chipsi. Nikamuuliza, huyo jirani yao mwenye mtoto mbishi ni nani? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Jirani gani? Pale kwabo, huku iko ukuta ya kambi, huku iko kiwanja hakuna mutu." Halafu akasema, "Na pole ya mzee. Ile siku nilimupa barua, alitaka kuifungua na mukono ya kulia, ikakataa. Akafungua na meno."

Shangazi, mtoto huyo ana miaka sitini na nne.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Niliandika habari ya mikono yake. Niliandika kwamba haijui kazi nyingine. Nilipoandika nilifurahi, nakwambia ukweli, niliirudia sentensi ile nikaiona imekaa vizuri. Mtupa jiwe gizani hajui limpataye, wazee walisema, na mimi nilikuwa nalitupa nikicheka. Naona aibu, na sina pa kuiweka.

Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia?

Niambie basi kitu kimoja tu, kwamba sehemu ile uliiruka.

Keith


Kanombe
23 Juni 2024

Keith mwanangu,

Marahaba. Salamu za nyumbani leo ni fupi: tupo sote.

Sikuiruka. Nilijaribu.

Aliniita kutoka uani, bahasha ikiwa mapajani mwake imelowa pembeni. Yeye kusoma sasa hawezi, anasema mistari inamkimbia. Akasema, "Soma." Nikasoma salamu. Nikasoma namba na betri na zile njia mbili. Nilipoona "Jumapili ile" macho yangu yakatangulia, nikaona kinachokuja, nikageuza karatasi na kusoma, "Mtoto anaitwa nani?"

"Umeruka," akasema.

"Ni salamu tu, Baba Mukunde."

"Karatasi umegeuza haraka. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye lile neno akanyoosha kidole cha kushoto. "Iyo. Soma tena." Nikalisoma tena, mwizi, kwa sauti, ndani ya nyumba yangu. Na ile ya mikono nikaisoma. Aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akaubeba kwa ule wa kushoto akauweka juu ya mto, taratibu, kama anavyowekwa Pretty.

Ni kiharusi, Keith. Alianguka bafuni mwaka jana mwezi wa nane. Mdomo ukapinda, mkono ukawa mzigo. Akakataza tusimwambie mtu. Askari haugui hadharani, wewe unamjua. Hata kaka yangu mwenyewe nimemwambia presha. Watu wa kanisani nawazuia mlangoni, leo amelala, leo amesafiri. Eustache amekuja hapa mara ngapi akarudi bila kumwona. Mimi mwimbaji wa kwaya nimekuwa mwongo wa mlangoni. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, akaurusha juu ya bati, uko huko mpaka leo.

Halafu nikitafuta vyeti vyake kwenye kabati la chuma nikaikuta gemu yako. Alituambia aliitupa. Niliiacha kitandani nikaenda kuangalia sufuria, niliporudi alikuwa ameishika, imekufa vile vile, haina hata taa, na kidole gumba cha kulia kinasukuma kitufe. Kidole ambacho tulikuwa tunakiombea! Ndiyo maana nikakimbilia Sonatubes. Na ndiyo maana nikamzua mtoto wa jirani, maana nilipowaza kukuandikia "Baba Mukunde anataka kucheza gemu," kalamu ilikataa. Niliona aibu kwa niaba yake, na kwa niaba yangu pia.

CD nilimtolea mimi. Kifuko nilikifungua jikoni, nikatoa moja ya mpira, kifuko nikakirudisha kabatini asikione. Kuna kitu sikutaka akihesabu.

Kuhusu ya kudumu nilimwambia, Keith ndiye fundi, tumsikilize. Akakataa, "Oya. Iyo kitu haiko yangu, iko ya Keith. Kitu ya mutu hauwekei ya kudumu. Mwenyewe akikuja, atakuta iko vile aliacha." Na kadi? "Usifute. Jina yake iko mule."

Basi Mukunde alikuja na kompyuta, tukafungua ile MUDA. Michezo yako mitatu ikajitokeza pale kwenye kioo, na ndani ya mpira likatokea faili lenye jina lako. Akalitazama. Kisha akauliza, "Kifuko iko wapi?" Barua yako ilikitaja, ningesema nini? Nikamletea, ile ya mpira nikiwa nimeshairudishia humo. Alivuta zipu kwa meno, CD zikamwangukia mapajani, akazipanga moja moja juu ya blanketi. Tatu.

Tangu hapo anacheza kila siku. Kila betri ikiisha ile njia inapotea, na yeye anaanza upya, anasukuma kile kidole kutoka picha hadi picha mpaka jasho linamtoka, na ukitaka kumsaidia anakufukuza chumbani. Kidole kimepata nguvu. Juzi alishika kijiko.

Na mimi sasa. Umeandika kwamba nilikuwa nimekaa karibu na Claudette. Ndiyo, nilikuwepo. Nilijua kifuko kina nini. Nilijiambia mke hamkosoi mumewe mbele ya wageni, nitamwambia wakiondoka. Waliondoka. Nikaosha glasi, nikafagia, na sikumwambia, siku ile wala nyingine, na wewe ukalala bila kula. Nilimwogopa kidogo, lakini zaidi nilijionea aibu ya kuchelewa, na kila siku iliyopita ikaongeza aibu juu ya aibu. Sina cha kujitetea.

Shangazi yako


Kahama
20 Julai 2024

Shangazi na Baba Mukunde,

Shikamooni. Barua hii nimeiandika isomwe kwa sauti, na Shangazi asiruke.

Huku jua ni kali na vumbi limeingia mpaka kwenye kompyuta za shule. Baba nimemwambia habari ya ugonjwa. Mtanisamehe, sikuona sababu ya kuendelea kumficha dada yake analala vipi. Alizima redio. Atawapigia.

Baba Mukunde, nilichoandika kuhusu mikono yako nakiondoa. Nilikiandika nikiwa sijui, lakini hata ningekuwa najua u mzima kisingekuwa kizuri. Naomba radhi.

Kuhusu Jumapili ile siondoi kitu. Ilikuwa hivyo nilivyoandika, na iliniuma, na bado inauma nikikutana nayo ghafla. Mwanafunzi wangu akimwita mwenzake mwizi kwa utani namtoa nje, na hakuna anayejua kwa nini.

Lakini umesema kitu cha mtu hakiwekewi cha kudumu. Nimelifikiria neno hilo. Mimi sitakuja kuichukua ile gemu. Mwenyewe ni wewe sasa, nimekupa, na naandika hapa ili iwe na shahidi. Usianze upya tena kila siku. Fungua folda ya KUDUMU, chaja ikiwa kwenye umeme. Itakuuliza swali kwa Kiingereza, na Kiingereza unakijua kuliko mimi. Bonyeza kitufe chenye alama ya X na usubiri, usiguse kitu. Faili langu la mpira lifute ukitaka.

Shangazi, sehemu yako nimeisoma mara kadhaa. Sijui la kujibu. Nikilijua nitaandika.

Keith


Kanombe
8 Septemba 2024

Keith mwanangu,

Marahaba, na Baba Mukunde ameitikia pia, kwa sauti, mpaka nikashtuka. Pretty anakaa bila kushikwa. Kaka alipiga simu. Walizungumza, au tuseme kaka alizungumza na huyu akahema, lakini hakuna aliyetaka kukata.

Barua yako niliisoma yote. Ilipokwisha akauliza, "Anasema hatakuja?"

"Anasema hatakuja kuichukua."

"Iko tofauti?"

"Sijui," nikasema, na kweli sijui.

Nikadhani ataniambia nimletee chaja. Badala yake akasema, "Ita Eustache. Na Claudette." Nikamwambia, Baba Mukunde, hawajakuona mwaka mzima, hawajaona huo mdomo, subiri kidogo upate nafuu. Akanikatiza. "Neno ilitoka mbele ya batu. Haiwezi rudi mu chumba."

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Alitaka nimvalishe koti, nimkalishe kwenye kiti kile kile cha siku ile. Mezani alitaka soda, gemu, na zile CD zikiwa zimepangwa. Claudette alipoingia aliinamisha macho akajifanya anarekebisha kiatu. Eustache alimshika mkono wa kulia kumsalimu, akaukuta hivyo ulivyo, akaendelea kuushika kwa sababu hakujua jinsi ya kuuachia.

Baba Mukunde akasema, polepole, kila neno likitafuta njia yake: "Muchezo iko tatu. CD iko tatu. Keith hakuiba."

Wakatazamana. Eustache akauliza, "Keith ni nani?"

Hawakukumbuka, mwanangu. Lile neno lililokutoa nyumbani kwetu, wao walilisahau kabla hata soda haijaisha. Nilimtazama mume wangu nikadhani hapo atakomea, maana sasa hakukuwa na cha kufuta kwenye vichwa vyao. Angeweza kunyamaza, tukazungumza habari za mvua. Lakini alianza kueleza kuanzia mwanzo. Wewe ni nani, ulikuwa unasoma wapi, alikunyang'anya nini, alikuita nini, na nani walikuwa wamekaa wapi. Sentensi moja ilimchukua muda ambao mtu mzima angetumia kusema kumi. Mate yakamtoka. Nikainuka na kitambaa, akausukuma mkono wangu mbele yao, akaendelea. Nadhani alitaka waone.

Alipomaliza, Claudette alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimesimama na treyi. Nikasema, "Na mimi nilijua. Ile CD ya tatu nilikwenda naye dukani." Baba Mukunde akanigeukia. Alikuwa hajui kwamba nilijua. Sehemu ile ya barua yako aliisikia, lakini hakuitilia maanani, au aliitilia maanani akanisubiri. Hakunikemea. Alisema tu, "Kaa chini na wewe." Nikakaa karibu na Claudette.

Wageni walipoondoka akaomba chaja. Swali la Kiingereza alilisoma mwenyewe, mstari mmoja alioushinda mpaka mwisho. Kidole gumba cha kulia kikatetemeka juu ya ile X, kikateleza, kikarudi, kikabonyeza. Tulisubiri bila kugusa kitu, kama ulivyoagiza, na mimi nikiuombea umeme kama naombea mgonjwa.

Faili lako hajalifuta. Anacheza kwenye nafasi ya pili, anafungwa kila mechi, na anamtukana mwamuzi kwa Kiganda cha utotoni mwake. Ananiuliza wewe ulikuwa unawafungaje. Mimi nitajua wapi? Nimemwambia hilo si la kuandikwa kwenye karatasi, ni la kuonyeshwa mtu akiwa amekaa hapa. Sikulazimishi. La kunijibu mimi kama bado hulijui, usilitafute kwa nguvu.

Juzi umeme ulikatika huku kwetu tangu mchana. Alicheza mpaka betri ikaisha na gemu ikazima kabisa. Akalala hana raha, nilimsikia akigeuka. Asubuhi umeme uliporudi aliichomeka mwenyewe kabla sijawasha hata jiko. Nilikuwa mlangoni. Aliiwasha, akaisogeza karibu na macho, nikauliza kuna nini.

"Iko," akasema. "Iko bado."

Mimi niliyesoma bila kuruka,
Shangazi yako Mukandayisenga